KUIPIMA MASHINE YA KUTAMBUA METALI NYUMBANI KABLA YA KUIPELEKA MACHIMBONI

Vyama vya wachimbaji wadogo wa dhahabu vimeanza kununua mashine za kutambua metali, ambazo wachimbaji wenyewe huziita ditekta. Mashine hizo zimeenea katika maeneo ya dhahabu ya Tanzania, tangu Chunya, ambako dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, hadi Geita na sehemu nyingine za Kanda ya Ziwa. Chombo hicho kina manufaa yake. Lakini ni chombo cha bei kubwa, na mara nyingi hununuliwa kwa michango ya wanachama ambao hawajawahi kukiona kikifanya kazi. Kwa sababu hiyo yafaa makatibu na wanachama waelewe namna ya kukipima nyumbani, au katika uwanja wa ofisi ya chama, kabla hakijapelekwa porini.

Tuchukue mfano wa chama chenye wanachama 42. Mkutano Mkuu umeamua kila mwanachama atoe shilingi 100,000, na kwa jumla zimepatikana shilingi 4,200,000. Katibu na wajumbe wawili wa Halmashauri wametumwa mjini, wamenunua mashine na kurudi nayo jioni. Kesho yake alfajiri mashine inapelekwa moja kwa moja machimboni, na wanachama wote wameizunguka. Inapowashwa inalia kila mahali. Wanachimba hapa, hakuna kitu. Wanachimba pale, wanapata msumari. Kufikia saa sita mchana imekuwa kimya kabisa, hata ikipitishwa juu ya jembe. Jioni hiyo minong'ono inaanza. Wengine wanasema muuzaji amewadanganya. Wengine wanasema Katibu amenunua mashine mbovu kwa bei nafuu na kutia mfukoni tofauti ya bei.

Katika mfano huu huenda hakuna mwizi wala mashine mbovu. Huenda betri haikujazwa umeme, mashine haikulinganishwa na udongo wa mahali pale, na mwendeshaji alikuwa amevaa viatu vyenye chuma kwenye ncha. Lakini Katibu hana la kuonyesha. Hakuna aliyeijaribu mashine ilipokuwa nzima, hakuna aliyeandika chochote, na neno lake ni neno la mtu mmoja mbele ya watu 41. Imani ya wanachama ikishavunjika ni kazi ngumu kuijenga upya, na vyama vingi vimedhoofika kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

JINSI MASHINE INAVYOFANYA KAZI

Mtu hawezi kupima chombo asichokielewa. Ditekta ina mpini, kisanduku cha mitambo na betri, na chini kabisa sahani ya duara au ya yai. Ndani ya sahani hiyo mna koili za waya wa shaba. Umeme unapopita katika koili na kugeuka mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, hutokea nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Nguvu hiyo ikikuta kitu cha metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hutoa nguvu yake ya sumaku inayorudi juu. Mashine huipokea nguvu hiyo dhaifu na kuigeuza kuwa mlio.

Kutokana na maelezo hayo, mambo matatu hudhihirika.

Kwanza, mashine haitambui dhahabu, hutambua metali. Kipande kidogo cha dhahabu na kipande cha karatasi ya alumini huweza kutoa mlio unaofanana. Mashine nyingi zina kitufe cha kuchuja vyuma visivyotakiwa, lakini anayechuja mno machimboni huchuja na dhahabu pia.

Pili, mashine haioni vumbi la dhahabu. Dhahabu iliyotawanyika ndani ya mwamba kama unga haitoi mlio hata ikiwa nyingi. Chombo hiki hutafuta vipande vinavyoshikika, na wanachama wapaswa kuambiwa hivyo kabla ya kuchangia.

Tatu, nguvu ya mashine hupungua upesi sana kwa umbali. Umbali ukizidishwa mara mbili, jibu la kitu kidogo kilicho mbali kuliko upana wa sahani halipungui nusu. Hupungua hadi kufikia kiasi cha sehemu moja ya 64. Ndiyo sababu sarafu husikika katika kina cha sentimita 20 au 30 tu, na kipande cha dhahabu cha gramu 1 husikika karibu zaidi ya hapo. Muuzaji anayedai kwamba mashine yake inaonyesha dhahabu ndogo iliyo mita 10 chini ya ardhi, au iliyo ng'ambo ya kilima, anasema jambo ambalo maumbile hayaliruhusu.

FUNDISHO LA MWAKA 1881

Haja ya kuchunguza mahali pa kazi na siyo chombo peke yake ilidhihirika tangu zamani. Tarehe 2 Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi mjini Washington, na waganga wakashindwa kujua risasi ilikuwa imelala wapi mwilini. Alexander Graham Bell, ambaye miaka mitano nyuma alikuwa amepata hataza ya simu, alitengeneza chombo cha kutafutia metali kwa njia ya koili za umeme. Alikijaribu kwanza katika karakana yake, nacho kikafanya kazi. Lakini kilipopelekwa kitandani kwa Rais mwezi Julai, na tena tarehe 1 Agosti, hakikuonyesha mahali pa risasi. Baadaye Bell alipata habari kwamba chini ya godoro la manyoya ya farasi palikuwa na godoro jingine la nyaya za chuma. Isitoshe, mganga mkuu alikuwa akiamini kwamba risasi iko upande wa kulia, na upande huo ndio uliopimwa. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba 1881, na uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba risasi ilikuwa upande wa kushoto.

Katika habari hiyo mna mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba chombo kizima hutoa majibu mabaya kikiwekwa karibu na chuma ambacho mpimaji hakukijua. La pili ni kwamba chombo hakiwezi kumsaidia mkubwa aliyekwisha amua jibu kabla ya kupima.

KUIPOKEA MASHINE

Mashine inapofika, isifunguliwe na mtu mmoja. Ifunguliwe mbele ya Katibu, Mweka Hazina na angalau mjumbe mmoja wa Kamati ya Usimamizi. Namba iliyochongwa au kubandikwa kwenye mashine ilinganishwe na namba iliyo kwenye stakabadhi, kisha iandikwe katika daftari la mali ya chama pamoja na tarehe, bei na jina la muuzaji. Vifaa vyote vihesabiwe: sahani, mpini, betri, chaja, spika za masikioni na kitabu cha maelezo. Kitabu cha maelezo kisomwe chote. Pale ambapo kimeandikwa kwa lugha ya kigeni, atafutwe mtu wa kukifasiri, kwa kuwa kila mashine ina vitufe vyake.

Betri ijazwe umeme hadi mwisho kabla ya jaribio lolote. Betri iliyochoka hupunguza nguvu na kuifanya mashine ilie ovyo au inyamaze, na matokeo ya siku hiyo hayana thamani.

MAHALI PA KUFANYIA JARIBIO

Ndani ya nyumba si mahali pazuri, ingawa watu wengi huanzia huko. Sakafu ya zege yaweza kuwa na nondo, paa lina mabati, kitanda kina springi, na hata meza ya mbao ina misumari na kitasa cha droo. Aidha televisheni, taa za umeme, mitambo ya umeme wa jua na simu za mkononi hutoa mawimbi yanayoingilia mashine na kuifanya ilie bila kuwapo metali.

Mahali panapofaa ni uwanjani, mbali na nyaya za umeme, ukuta wa mabati na magari yaliyoegeshwa. Pakosekanapo meza isiyo na msumari, ndoo mbili za plastiki zisizo na vipini vya chuma zaweza kuwekwa juu chini na mashine ikalazwa juu yake, sahani ikitokeza nje bila kugusa kitu. Mpimaji avue saa, pete, bangili na mkanda wenye kishikizo cha chuma. Funguo na simu ziwekwe mbali, na simu zizimwe. Watazamaji nao wakae angalau hatua tatu nyuma, maana panga au jembe lililo mkononi mwa mtazamaji huweza kuharibu jaribio zima.

Mashine ikiwashwa mahali hapo bila kitu chochote karibu, inapaswa kutulia. Ikiendelea kulia, ipunguzwe nguvu kidogo kwa kitufe chake, au isogezwe mahali pengine. Isipotulia popote, hapo pana shaka, na muuzaji apewe taarifa kwa maandishi.

VITU VYA KUPIMIA

Vitu vya kupimia vitayarishwe mapema, kila kimoja kibandikwe kwenye kipande cha kadi na kupewa namba. Vifuatavyo vinatosha:

1. Msumari wa inchi tatu.
2. Kizibo cha chupa ya soda.
3. Kipande cha karatasi ya alumini, ukubwa wa ukucha.
4. Sarafu isiyoshikwa na sumaku. Sarafu nyingi za siku hizi ni chuma kilichopakwa metali nyingine, kwa hiyo zichunguzwe kwanza kwa sumaku.
5. Chubwi ndogo ya kuvulia samaki. Risasi laini ya namna hiyo hutumiwa na wachimbaji mahali pa dhahabu, kwa sababu kipande chake kidogo hujibu karibu kama kipande kidogo cha dhahabu.
6. Kipande cha dhahabu halisi kilichopimwa uzito, au pete ya dhahabu.

Ikiwa dhahabu imeazimwa kwa mwanachama, ipimwe kwenye mizani mbele yake, iandikwe, naye atie sahihi anapoitoa na tena anaporudishiwa. Jaribio lililokusudiwa kujenga imani lisiwe chanzo cha ugomvi mwingine.

JARIBIO LA HEWANI

Jaribio la kwanza hufanywa hewani, bila udongo. Mashine ikiwa imelazwa na kutulia, msaidizi huchukua kadi moja na kuipitisha mbele ya uso wa sahani, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mwendo wa wastani. Kitu kikishikwa bila kutikiswa, mashine nyingi hunyamaza, kwa kuwa zimeundwa kusikia kitu kinachopita. Huanzia sentimita 5, halafu 10, halafu 15, na kuendelea, umbali ukipimwa kwa rula ya mbao au ya plastiki na siyo kwa futi ya chuma. Umbali wa mwisho ambapo mlio unasikika wazi mara tatu mfululizo ndio unaoandikwa.

Kila kitu kipimwe hivyo, kwanza kichujio kikiwa kimefungwa na kisha kikiwa kimefunguliwa. Wanachama wataona wenyewe jambo ambalo maelezo ya mdomo hayatoshi kulifundisha: kichujio kinapopandishwa ili kunyamazisha karatasi ya alumini, kipande kidogo cha dhahabu nacho huanza kunyamaza. Atakayeyaona hayo mezani hatalalamika machimboni atakapoagizwa kuchimba kila mlio.

Ikumbukwe pia kwamba matokeo ya hewani ni bora kuliko ya ardhini. Kitu kinachosikika katika sentimita 25 hewani chaweza kusikika kwa nusu ya umbali huo, au chini yake, katika udongo mwekundu wenye chuma. Hayo si makosa ya muuzaji wala ya Katibu.

JARIBIO LA KIFICHO

Jaribio la hewani linaonyesha nguvu ya mashine. Haliondoi hila, wala haliondoi tamaa ya mpimaji ambaye, akijua kitu kiko wapi, husikia mlio mahali anapoutaka. Kwa hiyo lipo jaribio la pili ambalo chama kisilipe fedha ya mwisho kabla ya kulifanya.

Vikombe vitano vya plastiki vipangwe chini, kimoja mbali na kingine kwa hatua moja, na kupewa namba 1 hadi 5. Mpimaji na watazamaji wote waondoke mahali pasipoonekana. Mtu mmoja apige kura kwa vikaratasi, afunike sarafu chini ya kikombe chenye namba aliyoipata, aandike namba hiyo na kuikunja, kisha naye aondoke ili asije akaonyesha jibu kwa jicho au kwa sura. Hapo mpimaji aingie, apitishe mashine na kutaja kikombe. Zoezi lirudiwe mara 20.

Anayebahatisha tu atapata kiasi cha mara 4 katika 20. Mashine nzima katika mikono ya mtu aliyezoea itapata zote 20, au itakosa moja kwa bahati mbaya. Anayepata mara 5 au 6 hakuonyesha lolote, hata kama mashine yake ina mapambo na taa nyingi. Muuzaji mwaminifu hatakataa jaribio hili. Anayelikataa kwa kusema kwamba mashine huchoka ikitazamwa na watu wengi, au kwamba haifanyi kazi karibu na watu wenye shaka, amekwisha jibu.

Hasara ya kupuuza jaribio la namna hiyo ilionekana mbele ya ulimwengu. Mfanyabiashara mmoja wa Uingereza, James McCormick, aliuza Iraq na nchi nyingine chombo kilichoitwa ADE 651, akidai kwamba kinatambua mabomu kutoka mbali. Chombo hicho hakikuwa na betri wala mtambo wowote wenye kufanya kazi ndani yake. Kilitokana na kidude cha kuchezea kilichouzwa Marekani kwa chini ya dola 20 kama chombo cha kutafutia mipira ya gofu, nacho kiliuzwa kwa maelfu ya dola. Askari walikitegemea kwenye vituo vya ukaguzi wa magari huku mabomu yakipita. McCormick alitiwa hatiani mwezi Aprili 2013 na kufungwa miaka 10. Vikombe vitano na sarafu moja vingeonyesha ukweli kwa muda wa saa moja. Vyombo vya jamaa hiyo, vyenye fimbo zinazojigeuza zenyewe kuelekea dhahabu iliyo mbali, bado huuzwa kwa wachimbaji, na chama kitakachoshika desturi ya jaribio la kificho hakitanunua hata kimoja.

UDONGO WA MACHIMBONI UJE NYUMBANI

Baada ya mashine kushinda majaribio hayo mawili, hubaki kuizoesha udongo itakakofanya kazi. Udongo wenye chuma nyingi, mchanga mweusi na mawe mekundu mazito huifanya mashine ilie kana kwamba kuna metali. Hiyo ndiyo sababu moja kubwa ya mashine kuonekana mbovu siku ya kwanza.

Wanachama walete ndoo mbili za plastiki zilizojaa udongo kutoka kwenye leseni yao. Udongo huo upitishwe kwanza katika ungo na sumaku, kuondoa misumari na vipande vya waya, kisha umwagwe katika beseni pana la plastiki. Mashine iliyotulia hewani ishushwe na kupandishwa juu ya beseni. Ikilia inaposhuka, irekebishwe kwa kitufe cha kulinganisha udongo, kama kitabu kinavyoelekeza, hadi mlio uwe ule ule ikiwa juu na ikiwa chini. Mashine za mkondo wa mapigo huvumilia udongo wa namna hii kuliko mashine za mkondo mfululizo, ingawa hazichuji vyuma vizuri. Chama chenye udongo mwekundu sana kiulize habari hiyo kabla ya kununua.

Halafu chubwi na kipande cha dhahabu kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki vifukiwe katika beseni, kwanza sentimita 5, kisha 10, kisha 15, na matokeo yaandikwe kando ya yale ya hewani. Hapo chama kitakuwa na kipimo cha kweli cha kina kinachoweza kutegemewa katika eneo lake.

Beseni hilo litumike pia kufundishia waendeshaji. Sahani iende sambamba na ardhi, kiasi cha sentimita 2 hadi 5 juu yake, bila kuinuliwa mwishoni kama mtu anayefyeka nyasi. Kila pito lipande juu ya pito lililotangulia kwa nusu ya sahani. Mwendeshaji atumie spika za masikioni, kwa kuwa mlio wa kitu kidogo ni mnong'ono tu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hatasikia anayemwita, na machimboni pana mashimo. Afuatane na mwenzake kila wakati.

DAFTARI LA MASHINE

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katibu afungue daftari dogo la mashine lenye kurasa za aina mbili. Kurasa za kwanza ziwe za majaribio: tarehe, hali ya betri, kitu kilichopimwa, umbali wa hewani, umbali wa udongoni, na sahihi za watu watatu waliokuwapo. Kurasa za pili ziwe za matumizi: nani ameichukua, saa ngapi, ameirudisha katika hali gani, na nini kimepatikana.

Jaribio la hewani lirudiwe kila mwezi kwa vitu vile vile na mahali pale pale. Ikiwa sarafu iliyosikika katika sentimita 25 mwezi wa kwanza sasa inasikika katika 15, mashine ina kasoro, au betri imechoka, au waya wa sahani umelegea. Na jambo hilo litajulikana kabla wanachama hawajapoteza siku kumi porini. Hali kadhalika, mashine ikirudi kutoka kwa mwendeshaji, jaribio fupi la dakika tano litaonyesha iwapo imerudi nzima. Ubishi juu ya nani aliyeiharibu utakwisha.

Jambo hili si geni kwa vyama vya mazao. Mizani ya pamba au ya kahawa haianzi msimu bila kukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na karani mwangalifu huweka jiwe la uzito unaojulikana ili aijaribu kila asubuhi mbele ya wakulima. Mkulima anayeiona mizani ikijaribiwa hupokea uzito wake bila manung'uniko. Mchimbaji naye ana haki hiyo hiyo.

TAHADHARI ZA SHERIA NA USALAMA

Mashine iliyopimwa vizuri haimpi mtu ruhusa ya kutafuta popote. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, kazi ya kutafuta na kuchimba madini yahitaji leseni, na chama kifanye kazi ndani ya mawe ya mipaka ya leseni yake. Dhahabu itakayopatikana ipelekwe kuuzwa katika masoko ya madini, ambayo yalianza kufunguliwa mwaka 2019, na stakabadhi zake zihifadhiwe pamoja na daftari la mashine. Vitu vya kale, kama sarafu za zamani au vyombo vya chuma vya mababu, vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Yeyote atakayeviona aache kuchimba na kutoa taarifa serikalini.

Lipo na jambo la uhai. Mashine hulia juu ya dhahabu na hulia juu ya bomu kwa mlio ambao mwendeshaji hawezi kuutofautisha. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na milipuko ya maghala ya silaha ya Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, vimefundisha kwamba kitu kisicholipuka leo chaweza kulipuka kesho. Kwa hiyo mlio uchimbwe pole pole kuanzia pembeni, kwa mwiko mdogo na siyo kwa sururu. Kikionekana kitu chenye umbo la risasi kubwa, mkebe wenye mapezi au duara la chuma, kisiguswe. Watu waondoke, mahali patiwe alama, na polisi waitwe.

HITIMISHO

Kazi yote iliyoelezwa hapa huchukua siku moja. Hugharimu kadi chache, vikombe vitano, beseni, ndoo mbili za udongo na daftari. Ikilinganishwa na michango ya wanachama 42, gharama hiyo ni ndogo mno.

Turudi kwa Katibu wa mfano wetu. Tuseme mashine yake ingefunguliwa mbele ya wajumbe, ikapimwa uwanjani Jumamosi, ikashinda vikombe 20 kati ya 20, na matokeo yakaandikwa na kutiwa sahihi. Jumatatu machimboni ingeweza bado kulia ovyo, na kimya kingeweza bado kuingia saa sita. Lakini wanachama wangejua kwamba mashine ni nzima, wangetafuta kasoro kwenye betri, kwenye viatu na kwenye udongo, nao wangeipata. Na kama mashine ingekuwa mbovu kweli, Katibu angerudi kwa muuzaji akiwa na karatasi yenye sahihi tatu, na chama kizima kingekuwa nyuma yake.